Wateja wanaacha nusu kikombe na kuondoka: kahawa ya mgahawa wa Dodoma inakosewa wapi?

Kikombe_AreaD

Mbukwenyi wakuu.

Naomba wanaojua kahawa na migahawa midogo wanisaidie kuchambua hili. Naweka vipimo mezani ili tusikisie.

Mgahawa upo Area D, meza saba ndani na nne barazani. Mashine ya espreso ni ya umeme, kichwa kimoja. Buni ni Arabika ya Kilimanjaro, ukaangaji wa kati, zinakuja kwa basi kilo 10 kila baada ya wiki sita na zinakaa kwenye mfuko wake uliofungwa kwa kamba. Maji ni ya bomba, yanapita kwenye simtenki. Maziwa ni ya mfugaji, yanafika saa 12 asubuhi. Espreso Sh 3,000, kapuchino Sh 4,500. Ipo pia kahawa ya kuchujia kwa karatasi: maji yanachemshwa, yanaachwa dakika tano yapoe kama video zinavyoelekeza, ndipo yanamiminwa.

Maneno ya wateja, kama yanavyotoka midomoni mwao: espreso "nzito lakini haina ladha, kama ina chokaa", wengine "chungu tu". Ya karatasi "chachu". Kapuchino "imepoa", na hili ndilo linalosikika kuliko yote. Jioni povu linakuwa na mapovu makubwa kama ya sabuni, ingawa mhudumu ni yule yule wa asubuhi. Halafu kati ya saa 1:15 na saa 1:45 asubuhi watu wa ofisi za Mtumba wanaangalia foleni, wanaangalia saa, wanaondoka.

Kinachochanganya: buni za mfuko huo huo zikipikwa Moshi ni tamu. Nibadilishe buni, mashine au barista?

---

Chujio_la_Mzakwe

Usibadilishe hata kimoja kabla hujapima maji. Kahawa nyeusi ya kuchuja ni maji kwa takribani asilimia 98. Buni zile zile kuwa tamu Moshi na kulala Dodoma, hapo ushapewa jibu nusu.

Mji huu unategemea zaidi visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni maji ya chini ya ardhi, yamepita kwenye miamba yakabeba kalsiamu, magnesiamu na chumvi. Kuyanywa hakuna shida. Lakini fungua birika la umeme la nyumba yoyote hapa mjini uangalie ule ukoko mweupe chini. Ukoko huo huo upo sasa hivi ndani ya bwela la mashine yako, yaani tangi la kuchemshia maji, umeivika koti koili inayoyapasha moto. Kuna na wenye visima binafsi, hao ndio hawatabiriki kabisa: nyumba mbili za jirani, maji mawili tofauti.

Ladha inaharibiwaje? Kalsiamu na magnesiamu kwa kiasi kidogo zinasaidia kuvuta utamu kutoka kwenye unga. Mharibifu ni bikaboneti, ndugu yake magadi. Inameza ule uchachu mzuri wa Arabika ya Kilimanjaro, ambao ndio ulioulipia, na kuacha uzito mtupu ulimini. Ndiyo "nzito lakini haina ladha" hiyo. Mteja wako hajui kemia lakini kaitaja sawasawa.

Cha kufanya. Nunua kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kile kidogo kama kalamu cha kuchovya. Pima maji ya bomba, pima na ya chupa kubwa ya lita 20 unayoweza kuipata kila wiki. Watu wa kahawa hulenga miligramu 150 kwa lita, na chini ya 75 au juu ya 250 huanza kulalamika. Kisha changanya. Mfano: bomba likisoma 600 na chupa 20, sehemu moja ya bomba kwa nne za chupa inakupa (600 + 80) ÷ 5 = 136. Hapo unapika. Usikimbilie kutumia maji ya chupa peke yake kama yanasoma 20: kahawa itakuwa kali na tupu, na baadhi ya mashine zinashindwa hata kutambua kuwa bwela lina maji, kwa sababu kipima kina chake kinategemea madini kupitisha umeme.

Angalizo mbili. Kipimo hicho kinajumlisha kila kilichoyeyuka, hakitofautishi chokaa na chumvi ya mezani. Ukitaka kujua ugumu wenyewe, zipo karatasi za kuchovya zinazobadilika rangi. Ukizikosa, sabuni ya mche ikigoma kutoa povu inakwambia. Pili, utauziwa mtungi wa kulainisha maji kwa chumvi. Unaokoa mashine, maana unatoa kalsiamu na kuweka sodiamu, ila bikaboneti inabaki pale pale. Mashine itapona, ladha haitapona. Mtambo wa kuchuja kwa shinikizo, ule unaotoa na maji machafu pembeni, ndio unaopunguza vyote, halafu unarudishia bomba kidogo kama kwenye hesabu ya juu.

Na kahawa ya karatasi: hizo video zimepigwa sehemu za chini ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Dodoma tupo kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yakichemka ndiyo yamefika, mimina. Ukiyaacha dakika tano yanaweza kushuka chini ya 88, na maji ya hivyo hayaivishi unga, ndiyo uchachu unaosikia. Gramu 20 za unga uliosagwa kama sukari ya dukani, maji gramu 320. Mimina 50 kwanza, subiri sekunde 30 unga uvimbe, malizia taratibu. Iishe kuchuja kwenye dakika tatu.

---

DadaBarista

Maji sawa, nakazia. Ila "chungu" inaweza kuwa ugonjwa mwingine. Mwenye uzi, jibu haya matatu: unaweka gramu ngapi, unatoa kiasi gani, kwa sekunde ngapi? Na bomba la mvuke linafutwa lini?

---

Kikombe_AreaD

Vijiko viwili vya kupimia, kama gramu 14. Tunatoa hadi nusu ya kikombe kikubwa, mililita 90 hivi, inachukua sekunde 40. Bomba la mvuke linasafishwa jioni wakati wa kufunga.

---

DadaBarista

Basi hiyo ni kahawa pamoja na maji ya kuoshea kahawa. Mililita 30 za mwanzo zinabeba utamu, kinachofuata kinazidi kuwa chembamba na kichungu. Mteja akitaka nyingi, toa espreso ya kawaida halafu ongeza maji ya moto kikombeni. Usipitishe maji ya ziada kwenye unga.

Kwanza nunua mizani ya jikoni inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kijiko hakipimi kahawa. Buni zilizokaangwa sana ni nyepesi, zikikaangwa kidogo ni nzito, na kijiko ni kile kile. Angalia kikapu cha chuma kwenye mkono wa mashine, mara nyingi pembeni au chini kimegongwa ujazo wake. Kama ni cha 18, weka gramu 18, toa gramu 36 za kahawa kikombeni, kwa sekunde 25 hadi 30 tangu ubonyeze kitufe. Kikiwa cha 14, weka 14 utoe 28. Pima kwa gramu, usitazame mililita: povu la dhahabu juu linadanganya macho.

Ikitoka kabla ya sekunde 20, itakuwa chachu na nyepesi: saga laini zaidi. Ikipita 35, saga kubwa kidogo. Gusa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na ukishageuza mashine ya kusagia mwaga gramu kama 20 za kwanza, maana unga wa zamani bado umejificha kati ya meno. Watu wengi wanageuza, wanaonja unga wa zamani, wanageuza tena, mpaka wanapotea kabisa. Fanya kipimo hiki asubuhi unapofungua na tena saa 8 mchana. Dodoma asubuhi ya Julai unavaa sweta na mchana unatafuta kivuli. Mashine ya kusagia nayo inahisi mabadiliko hayo.

Kiangazi kuna jambo lingine. Hewa inakauka mpaka unga unaruka na kung'ang'ania kila ukuta kama nywele kwenye chanuo. Unapima 18, zinafika 16.5 kwenye kikapu, zingine zipo kaunta na kwenye mkono wa shati. Kama unapima buni kila kikombe, lowesha mpini wa kijiko, kung'uta, koroga buni mara mbili, ndipo usage. Ni tone moja tu. Kamwe usinyunyizie maji buni zilizojaa kwenye mtungi wa juu wa mashine, utalisha meno kutu.

Kilo 10 kwa wiki sita hapana. Buni za espreso zinakuwa vizuri kuanzia kama siku ya saba baada ya kukaangwa hadi wiki ya nne. Mfuko uliofungwa kwa kamba kwenye joto la Oktoba, ukifika wiki ya tano unanuka mafuta yaliyolala. Mwombe mkaangaji akutumie kilo 3 au 4 kila wiki mbili, basi ni lile lile. Tarehe unayoitafuta kwenye mfuko ni ya kukaangwa. Ya mwisho wa matumizi haikusaidii. Jioni ondoa buni zilizobaki kwenye mtungi wa kusagia, hasa kama umekaa karibu na dirisha.

Usafi wa kichwa cha mashine: kuna kikapu kisicho na matundu, weka gramu 3 za unga wa kusafishia mashine za espreso, washa sekunde 10, zima 10, mara tano. Rudia mara tano bila dawa. Lakini kwanza hakikisha mashine yako inaruhusu: ukizima, ikitema maji kwa mlio kwenda kwenye trei, ina valvu ya kutolea shinikizo, endelea. Isipotema, usifanye, utaharibu mipira. Na bomba la mvuke ni kila kikombe: futa kwa kitambaa chenye unyevu papo hapo, fungua mvuke sekunde moja litapike kilicho ndani. Likingoja jioni, maziwa yameshaungua na kuganda humo, na kapuchino ya saa 10 inanuka kapuchino ya saa 3.

Maziwa sasa. Hapa naomba usome mara mbili. Maziwa mabichi ya mfugaji usiyapige mvuke ukadhani yameiva. Kuyafanya salama kunataka nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15. Mvuke unafika 60 na kidogo kisha unaacha. Brusela, bakteria wa maziwa mabichi, haijali kama kapuchino yako ina ua juu. Ama nunua yaliyokwisha pasteraizwa, ama chemsha ya mfugaji asubuhi, toa utando, yapoze haraka kwenye beseni la maji baridi, weka friji. Na yapime kwa laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, kabla hujalipa: yakiwa nyuzi 20 isome kati ya 1.028 na 1.032. Yaliyoongezwa maji husoma chini, na hata povu lake halisimami.

Jagi dogo, maziwa mililita 160 ya baridi kabisa. Ingiza hewa sekunde tatu hadi tano tu, sauti iwe kama ya kuchana karatasi. Jagi likifikia joto la mkono wako, zamisha ncha na uyazungushe hadi nyuzi 60, 62. Yaliyobaki kwenye jagi usiyarudie kupiga kwa mteja anayefuata.

---

Mzee wa Dele

Dada umefundisha vizuri, ila kwenye nyuzi 60 nakupinga. Kitabu kimeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Mteja wa hapa amekulia chai ya maziwa inayofika mezani ikifuka. Ukimpa nyuzi 60 kwenye kikombe kizito cha baridi, kahawa inamfika midomoni ikiwa nyuzi 52 na anasema imepoa, na yuko sahihi. Weka vikombe juu ya mashine au vijazwe maji ya moto dakika moja kabla. Maziwa yapande hadi 67, 68. Ukivuka 70 ndipo utamu unakimbia na povu linaanza kuanguka, huko sikupeleki.

Halafu ongeza kitu cha kwetu kwenye bei zako. Wengi wanaoacha nusu kikombe cha espreso walikuwa wanatafuta kahawa ya kijiweni, wakaona neno kahawa ubaoni wakaagiza. Wape ya dele, lile birika la kahawa ya kijiweni.

Lita moja ya maji, kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, chemsha dakika tano. Tia gramu 60 za Robusta ya Kagera iliyokaangwa hadi nyeusi na kusagwa laini karibu na unga wa ngano. Iache ipande, ishushe, ipande, ishushe, mara tatu. Usikoroge tena. Funika nje ya moto dakika tano machicha yazame, kisha mimina taratibu kwenye chupa ya chai na uache kidole kimoja cha mwisho humo humo. Unapata vikombe 12 vidogo. Kosa la wengi ni kuliacha dele juu ya mkaa mchana kutwa wakidhani wanalitunza. Linaendelea kupika, na baada ya saa mbili ni dawa ya malaria ya zamani.

Kashata pembeni, za karanga, na karanga mkoa huu hazijawahi kuwa za kutafuta mbali. Nusu kilo zilizokaangwa na kumenywa, sukari gramu 350, maji mililita 100, iliki nusu kijiko. Sukari ichemke hadi rangi ya asali, tia karanga, koroga haraka, tandaza kwenye ubao uliopakwa mafuta unene wa sentimita moja. Una kama dakika tatu za kukata kabla haijawa jiwe. Ukiitoa motoni kabla ya rangi ya asali itanata mkononi, ukiipitisha inakuwa chungu. Kiangazi inakaa wiki ikilia kwa mlio. Masika inaanza kutoa jasho siku ya pili, iweke kwenye chupa yenye mfuniko.

---

DadaBarista

Mzee 68 nakubali kwa anayeomba ya moto sana, na vikombe vya moto kwa wote. Ila isiwe sheria ya kaunta nzima, maana barista akizoea kulenga 68 siku ya foleni anatua 75.

---

FundiStimu_Dom

Povu la jioni si kosa la mhudumu. Tazama umeme.

Nguvu ya koili inafuata mraba wa volti. Mashine ya 230 V ikipata 190, nguvu ni (190 ÷ 230) mara yenyewe, yaani asilimia 68 tu. Kama ni ya kilowati 2.4, hapo una 1.6. Mvuke unakuwa dhaifu na wa majimaji, maziwa hayazunguki, yanapata mapovu ya sabuni. Na bwela halijirudishi haraka, kwa hiyo kikombe cha tatu mfululizo kinatoka baridi zaidi ya cha kwanza.

Weka mita kwenye soketi ya mashine saa 1 jioni. Pima mara mbili: koili ikiwa imezima, kisha ikiwa inachemsha. Ikisoma 195 mara zote mbili, tatizo ni laini ya mtaa, unahitaji stabilaiza, na usinunue ya friji. Chukua ya kVA 5. Ikisoma 225 koili imezima halafu inaanguka hadi 205 ikiwaka, stabilaiza utakuwa umepoteza hela: tatizo ni waya mwembamba wa nyumba, soketi iliyolegea, au ekstensheni. Gusa plagi, ikiwa ya moto umeshampata mwizi. Mashine ivutiwe waya wake wa mm 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha swichi. Ukiwa mbali zaidi ya mita kama 20 weka wa mm 4. Ekstensheni waachie wenye simu.

Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine, usisubiri urudi ukiwa umewasha. Na kama maji nayo yamekatika, hakikisha bwela limejaa kabla hujawasha. Koili ikiwaka kwenye bwela kavu inakufa ndani ya dakika chache, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa.

---

Kaunta7

Nachukua foleni, wengine mmeiacha.

Hesabu ya kichwa kimoja: kupima na kusaga sekunde 15, kubana 5, kutoa 28, maziwa 35, kumimina 10, kufuta 10. Jumla 103. Kama huyo huyo anapokea pesa, ongeza 37 za "lipa namba ni ipi?", kusubiri ujumbe wa simu na kutoa risiti. Sekunde 140 kwa mtu. Nusu saa ina sekunde 1,800, kwa hiyo vikombe 12, hata barista awe na mikono minne. Mtu mwingine akipokea pesa unafika 17. Mteja wa kumi na nane wa Mtumba hasaidiwi na tabasamu.

Njia ya kuivunja foleni ni kahawa iliyokwisha pikwa. Saa 12:50 chuja lita 2 kwa gramu 120, uiweke kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Unga utanyonya kama mililita 240, unabaki na vikombe 8 vya mililita 200. Kila kikombe sekunde 15: kumimina, mfuniko, nenda. Iuze Sh 2,500. Chuja nyingine saa 1:20. Ikizidi saa moja kwenye chupa, itoe, usiipashe tena. Iliyobaki iache ipoe, mchana ipe barafu.

Bei nayo. Sh 4,500 asubuhi ni ugomvi wa mia tano. Ama weka 4,000 au 5,000, ama anza siku na sarafu za mia tano zisizopungua 30 kwenye droo. Lipa namba iandike kubwa, ibandike pale foleni inapoanzia, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu, mtu afike kaunta ameshaandika tarakimu. Ubao wa vinywaji usomeke kutoka mita tatu.

Wenye kompyuta mpakato msiwafukuze, ila soketi ziwe kwenye meza ndogo za ukutani tu. Meza ya watu wanne yenye soketi atakaa mwanafunzi mmoja wa UDOM na kapuchino moja mpaka adhana ya magharibi.

Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, mji unajaa: agiza buni mapema na uongeze mtu wa asubuhi. Likiahirishwa, punguza oda ya maziwa wiki hiyo hiyo, usisubiri yakatike kwenye friji.

Na kitu kimoja ambacho hakina gharama. Usimuulize mteja "vipi, kahawa nzuri?" Atakujibu "ipo sawa" na hutamwona tena. Angalia kikombe kinachorudi jikoni. Robo tatu imebaki, povu halijaguswa: ladha ilimshinda kwenye mkupuo wa kwanza. Nusu imebaki na utando juu: ilipoa, au ni kubwa kuliko alivyotaka. Tupu lakini sukari imetuama chini kidole kizima: alikuwa anapigana na uchungu. Daftari kaunta, safu tatu: saa, kinywaji, kilichobaki. Wiki mbili zinatosha kujua ni saa ngapi na kinywaji gani kinakuangusha, na mara nyingi utakuta ni kimoja au viwili tu.

---

Kikombe_AreaD

Nimepima. Bomba 740. Chupa ya lita 20 inasoma 48. Volti za jioni 221 koili imezima, 199 ikiwaka. Mashine ipo kwenye ekstensheni pamoja na friji ya soda.

Chujio, kwa 740 nichanganye vipi? Na ukoko uliopo tayari ndani ya mashine niweke siki?

---

FundiStimu_Dom

Volti 22 zinaanguka kwenye nyaya zako mwenyewe. Toa ekstensheni leo. Stabilaiza usinunue kwanza; vuta waya, pima tena.

---

Chujio_la_Mzakwe

Kwa 740 na 48: moja ya bomba, sita za chupa. (740 + 288) ÷ 7 ni 147 hivi. Kwenye ndoo ya lita 20 weka lita 2.9 hivi za bomba, jaza chupa. Pima kila chupa mpya na kila wiki upime bomba, maana kiangazi kikikolea au wakikuletea maji ya boza, namba inahama.

Kwenye mashine usiweke siki. Harufu inakaa siku nyingi, na ukoko mnene ukibanduka vipande vipande unaziba valvu na vijitundu vya ndani. Kwa bwela lililokunywa maji ya 740 mwite fundi wa mashine za kahawa alifungue alisafishe mezani. Wewe safisha birika: gramu 20 za chumvi ya ndimu (asidi ya sitriki) kwa lita moja ya maji, chemsha, zima, iache dakika 20, mwaga, suuza mara mbili. Utasikia ukoko ukichemka kama soda. Ukikoma kuchemka na bado mweupe umebaki, rudia kwa maji mapya, usiukwangue kwa kisu.